Apolo Kivebulaya: mgeni aliyeshika jembe Boga



Kila tarehe 30 Mei, Waanglikana wa Congo na Uganda humkumbuka kasisi Apolo Kivebulaya, aliyelala katika Bwana huko Boga siku hiyo mwaka wa 1933. Katika Ituri na Kivu ya Kaskazini jina lake linajulikana hata na wale ambao si Waanglikana. Tukiulizwa alifanya nini, wengi wetu hujibu kwa neno moja: alileta Injili Boga.

Neno hilo si la uongo, lakini halitoshi. Mwaka uleule wa 1896 walimu wengine wawili walifika Boga kabla yake, wakiwa na Injili ileile, nao wakarudi walikotoka baada ya muda mfupi. Ujumbe haukuwa tofauti. Kilichotofautiana ni namna ya kukaa na watu. Katika makala hii tunaeleza maisha ya Apolo kwa utaratibu, tukitafuta jibu la swali moja: mtu aliyetumwa na Mungu ugenini anakuwaje mtu wa nyumbani katika kanisa la huko?

Swali hilo ni letu. Kila jumuiya ya Kiprotestanti mashariki mwa nchi yetu hutuma wachungaji na wainjilisti mahali wasipozaliwa, kwa watu wasiosema lugha ya mama zao. Tena vita vimewafanya waamini wengi kuwa wageni katika makanisa ya wengine. Hadithi ya Boga inagusa pande zote mbili, yule anayefika na wale wanaompokea.

Alikotoka

Apolo alizaliwa Buganda karibu na mwaka wa 1864. Alikuwa pacha, na jina lake la kwanza lilikuwa Waswa, ambalo Waganda humpa pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Ujana wake ulipita katika nyakati ngumu. Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walipigania nguvu katika nchi ya mfalme Mwanga, na tangu mwaka wa 1888 watu wa Buganda waliuana kwa majina ya dini. Waswa mwenyewe kwa muda alifuata Uislamu, kisha akavutwa na mafundisho ya Waprotestanti.

Mwaka wa 1891 alikuwa katika msafara wa Kapteni Lugard, Mwingereza aliyekwenda na askari mpaka Toro, chini ya milima ya Rwenzori, na kumrudisha Kasagama kwenye kiti cha ufalme. Tulishike jambo hili, kwa sababu lina maana mbele. Mara ya kwanza Apolo alipoiona nchi ya magharibi, aliiona akiwa pamoja na watu wenye bunduki.

Alibatizwa mwaka wa 1895 na kupewa jina la Apolo, kama yule mhubiri wa Aleksandria tunayemsoma katika Matendo ya Mitume. Jina la pili, Kivebulaya, alipewa na watu. Kwa Kiganda ni kama kusema kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la askari wa Kizungu juu ya nguo zake. Hivyo Mwafrika huyu aliyekuja kuwa baba wa kanisa la Boga aliitwa maisha yake yote kwa jina la kitu cha kigeni. Alikuja na nguo ya wengine, na watu waliliona hilo kabla hawajasikia neno lolote kutoka kinywani mwake.

Mwaka huohuo wa 1895 kanisa la Buganda lilimtuma Toro kuwa mwalimu. Tunaposema mmisionari, wengi wetu bado tunamwona Mzungu. Lakini wakati huo vijana wengi wa Buganda walikuwa wakitumwa na kanisa lao changa kwenda Toro, Bunyoro, Nkore na mbali zaidi. Wamisionari wa Kiingereza wa shirika la CMS walikuwa wachache. Waliofika vijijini, wakakaa huko na kufundisha watu kusoma, kwa sehemu kubwa walikuwa Waafrika.

Boga na chifu Tabaro

Boga, ambayo vitabu vya zamani huiandika Mboga, iko leo katika wilaya ya Irumu, jimbo la Ituri. Ni nchi ya juu, yenye majani mazuri ya ng'ombe, upande wa magharibi wa bonde la mto Semliki. Nyuma yake unaanza msitu mkubwa wa Ituri. Wenyeji wake ni Wahema, na lugha yao ni ndugu wa Kinyoro na Kitoro. Mtu akitoka Kabarole, mji wa mfalme wa Toro ambao leo huitwa Fort Portal, hupita ncha ya kaskazini ya Rwenzori, hushuka bondeni, huvuka Semliki, kisha hupanda tena.

Wakati ule mkubwa wa Boga alikuwa chifu Tabaro. Vitabu vingi vya kanisa humwonyesha kama mtu mkali aliyeipinga Injili, na ni kweli alimtesa Apolo. Lakini tumtazame kwa haki. Walimu waliofika kwake walitoka Toro, kwa mfalme Kasagama, ambaye naye alirudishwa kwenye ufalme kwa nguvu za Waingereza na Waganda. Kwa chifu wa nchi ndogo ya mpakani, mgeni mwenye kitabu anayekuja kutoka kwa mfalme mkubwa hakuwa mhubiri tu. Angeweza kuwa jicho la mfalme huyo. Nani kati yetu, aliyeishi miaka hii ya vita, asiyeijua hofu hiyo?

Walimu wawili waliotangulia

Walimu wa kwanza waliotumwa Boga walikuwa Waganda wawili, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata. Walifika mwaka wa 1896. Mwanzoni mlango ulionekana kufunguka. Lakini walipoanza kukemea mambo ambayo chifu na watu wake waliyapenda, hali ikabadilika. Chifu akazuia chakula.

Hapo ndipo tatizo lilipojificha. Kwa desturi ya wakati ule, mwalimu wa kanisa aliishi kwa chakula cha wenyeji. Yeye alifundisha, wao walimlisha. Tena huko Buganda kulima shamba la chakula kulihesabiwa kuwa kazi ya wanawake, na mwanamume mwenye heshima hakuinama na jembe. Kwa hiyo chifu alipofunga mkono wake, walimu hawakuwa na njia. Njaa iliwatoa Boga.

Hatuwalaumu. Walifika kwanza, na kufika kwanza ni kazi ngumu. Lakini tunaona wazi kwamba maisha yao yalitegemea wema wa mtu mmoja mwenye nguvu. Mwalimu anayelishwa na chifu hana budi kuchagua siku moja: anyamaze, au aondoke. Walimu hawa hawakunyamaza. Basi waliondoka.

Jembe

Habari za kushindwa huko zilipofika Toro, Apolo alikubali kwenda. Alivuka Semliki na kufika Boga mwishoni mwa mwaka wa 1896. Chifu hakuwa amebadilika, na chakula hakikuwa rahisi kupatikana kuliko mwanzo. Apolo akafanya jambo ambalo watu hawakulitazamia kwa Mganda mwenye kitabu na koti la Ulaya. Alichukua jembe akalima chakula chake mwenyewe.

Wazee wetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hutumiwa kumkumbusha mgeni asiwachoshe wenyeji. Lakini ina upande mwingine. Unapompa mgeni jembe unamwambia pia: hapa kuna udongo wako, hapa unaweza kupanda na kungoja mavuno. Anayelima hategemei kuondoka kesho. Boga hakuna aliyempa Apolo jembe. Alilishika mwenyewe.

Jembe lile lilifanya kazi tatu. Kwanza, lilimtoa katika mkono wa chifu. Tabaro hakuweza tena kumfukuza kwa njaa. Pili, lilimshusha mahali ambapo watu wa kawaida walikuwa. Wanawake waliokwenda shambani asubuhi walimkuta naye shambani. Mafundisho yake hayakutoka tena kwenye kiti cha mgeni wa heshima. Tatu, lilimpa muda. Kufundisha watu kusoma hakuishi kwa wiki moja. Kanisa la Buganda na Toro lilijengwa juu ya kusoma, hata waamini waliitwa wasomaji, na mtu aliyeomba ubatizo alitakiwa kwanza ajifunze kusoma Neno. Kazi kama hiyo inahitaji mwalimu atakayekuwapo msimu ujao.

Mtume Paulo aliwakumbusha Wathesalonike jambo hilohilo. Katika 1 Wathesalonike 2:9 anataja jinsi alivyofanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu yeyote. Hakukataa kwamba mhubiri anastahili kulishwa. Katika 1 Wakorintho 9 anaitetea haki hiyo kwa maneno mengi, kisha anasema hakuitumia. Apolo alikuwa na haki ileile, naye aliiacha kwa sababu Boga haikuwa tayari. Hii si sheria kwa wachungaji wote. Ni hekima ya mahali na wakati.

Mkuki katika majani

Watu walianza kujifunza, na Apolo akaanza kujenga. Hapo likatokea jambo lililokaribia kumaliza kila kitu. Wakati wa kukusanya majani ya kuezekea, dada wa chifu Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa umefichika katika majani marefu, akafa.

Kwa jamaa ya chifu huo haukuwa msiba wa kawaida. Mgeni huyu alikuwa ameleta mafundisho mapya, amevuta vijana, amekataa kuondoka, na sasa mtu wa damu ya chifu amekufa katika kazi yake. Apolo alishitakiwa kuwa muuaji. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa Toro mbele ya Waingereza na kutiwa gerezani.

Katika taabu ya siku zile Apolo alipata maono ambayo aliyasimulia mpaka uzee wake. Alisema alimwona Kristo aking'aa kama jua, naye akamtia moyo na kumhakikishia kwamba yuko pamoja naye. Mtu anaweza kuyapokea maono hayo kwa namna yake, lakini matunda yake yalionekana. Baadaye Apolo aliachiliwa bila kosa. Alikuwa na kila sababu ya kubaki Toro, mahali alipojulikana na kupendwa, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Akarudi Boga.

Tunadhani hapa ndipo Boga ilipoanza kumwona kwa macho mengine. Mtu anayekuja mara ya kwanza anaweza kuwa ametumwa na mfalme, au anatafuta faida, au hajui ugumu wa mahali. Lakini mtu aliyepigwa na kufungwa, kisha anarudi kwa haohao waliompiga, bila askari na bila kudai malipo, huyo anaonyesha amekuja kwa ajili ya nini. Chifu Tabaro mwenyewe alimwamini Kristo akabatizwa, akaitwa Paulo. Jina hilo lilimfaa, kwa kuwa Paulo wa kwanza naye alianza kwa kuwafunga watu wa Njia.

Mpaka unahama, yeye anarudi

Apolo aliwekwa kuwa shemasi mwaka wa 1900 na kasisi mwaka wa 1903 kwa mikono ya Askofu Alfred Tucker wa Uganda. Kwa miaka mingi baada ya hapo alitumika zaidi Toro. Wakati huo huko Ulaya watu waligawana ramani. Waingereza na Wabelgiji walipokubaliana juu ya mpaka wao katika miaka ya 1910, Boga iliangukia upande wa Congo ya Wabelgiji. Kanisa lilelile, mashamba yaleyale, lakini serikali nyingine na lugha nyingine ya ofisi.

Kwa mtu wa Buganda, Boga sasa ilikuwa nchi ya kigeni kabisa. Ilikuwa rahisi kusema kwamba kazi ya kule ni ya wengine. Katikati ya miaka hiyo ya 1910 Apolo alivuka tena Semliki, akafanya Boga makao yake mpaka kufa. Mwaka wa 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, Kampala. Cheo kilikuwa cha Kampala, lakini nyumba yake ilikuwa Boga. Hakuoa, wala hakuacha mtoto wa kumzaa. Watu aliowafundisha ndio waliokuwa jamaa yake.

Ni vizuri kukumbuka pia mahali pake katika historia ya makanisa yetu. Wamisionari wa Africa Inland Mission, ambao kazi yao ilizaa jumuiya ya CECA 20, waliingia kaskazini-mashariki mwa Congo mwaka wa 1912. C. T. Studd, ambaye kazi yake ilizaa CECCA 16, alifika mwaka wa 1913 na kufariki Ibambi mwaka wa 1931. Apolo alifika Boga miaka kumi na sita kabla ya wale wa 1912. Moja ya kazi za kwanza za Kiprotestanti katika pembe hii ya nchi ilianzishwa na Mwafrika aliyekuja kwa miguu kutoka upande wa mashariki.

Msituni kwa Wambuti

Kuanzia mwaka wa 1921 Apolo alielekeza nguvu zake kwa Wambuti wa msitu wa Ituri. Alikuwa na miaka karibu sitini, umri ambao wengi hutafuta kivuli. Wakulima na wafugaji wa nje ya msitu waliwahitaji Wambuti kwa nyama na asali, lakini mara nyingi waliwadharau, na hata leo dharau hiyo haijaisha katika vijiji vyetu na, tukiri, katika makanisa yetu.

Kule msituni Apolo alilazimika kuanza upya kuwa mgeni. Jembe lililomfungulia Boga halikuwa na kazi kwa watu wanaohama wakifuata wanyama na matunda. Ilimpasa atembee nao, aketi kwao, na kungoja waliporudi. Alijifunza tena kusikia kabla ya kusema. Alishughulika pia na tafsiri ya Injili ya Marko, ili Neno liwafikie katika lugha waliyoisema wao.

Katika hili tunaona kwamba hakufanya jembe kuwa sheria. Jembe lilikuwa njia ya kuwa karibu na wakulima. Kwa watu wa msitu njia ilikuwa miguu na subira. Mmisionari mwingine angechukua kilichofaulu Boga na kukilazimisha kila mahali. Yeye alitazama kwanza watu wanaishi vipi.

Kaburi linaloelekea magharibi

Apolo alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa alitoa agizo juu ya maziko yake. Desturi ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, kuonyesha kwamba Injili bado inapaswa kusonga upande ule.

Mara nyingi tunalisimulia agizo hilo kama wito wa kuhubiri, na ni hivyo. Lakini lina maana nyingine. Mashariki ndiko kulikokuwa Buganda, kwa mama yake na wazee wake. Mtu anayekufa ugenini kwa kawaida hutaka arudishwe nyumbani, au kama haiwezekani, angalau ageuzwe kuelekea huko. Apolo hakugeuzwa kuelekea kwao. Maandiko yanatuambia katika Mwanzo 23 kwamba Abrahamu, aliyeitwa mgeni na mpitaji katika Kanaani, alinunua kwanza mahali pa kumzika Sara. Kaburi lilimfunga na nchi ile. Kaburi la Apolo nalo ni lake na la Boga.

Mbegu ile ilikua polepole. Kwa miaka mingi Kanisa la Anglikana katika nchi yetu lilibaki zaidi katika eneo la Boga na kando yake. Mwaka wa 1972 dayosisi ya Boga ilianza, ikiwa na askofu wake wa kwanza, Philip Ridsdale. Mwaka wa 1992 Waanglikana wa nchi yetu, wakati huo ikiitwa Zaire, wakawa jimbo la kanisa linalojitegemea. Leo dayosisi zao zimefika mbali na Ituri, upande uleule kaburi linapoelekea na pande nyingine pia.

Boga leo

Hatuwezi kuandika juu ya Boga kana kwamba ni habari za zamani tu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi. Zaidi ya watu hamsini waliuawa, miongoni mwao wakimbizi wa ndani waliokuwa wametafuta usalama huko. Ilikuwa usiku unaofuata siku ya kumkumbuka Apolo. Wengi walikimbia wakaacha mashamba, ng'ombe na makaburi ya wazee wao.

Basi watu waliowahi kumpokea mgeni, wao wenyewe wakawa wageni katika makanisa ya wengine, mahali wasipokuwa na shamba. Wengi wenu mnaosoma mnajua maisha hayo. Mkimbizi hukaa benchi la nyuma, hajui nyimbo zinaimbwaje hapa, hajui kama jina lake litasomwa wakati wa matangazo, na mchana anangoja chakula cha mkono wa mtu mwingine. Wengine wenu ndio mliopokea, na mmegawana maharagi na sombe mpaka hakuna kilichobaki. Mungu anayaona hayo.

Tunachojifunza

Kwa wale wanaotumwa, tunaona kwanza kwamba watu husoma koti kabla ya kusoma kitabu. Mchungaji anayetoka mjini na kupelekwa kijijini, au anayetoka kabila moja na kutumwa kwa jingine, ajiulize watu wanaona nini anaposhuka kwenye pikipiki. Hawezi kuondoa kila kitu. Apolo hakulikwepa jina lake. Lakini alifanya kazi ya miaka mpaka jina la kitu cha Ulaya likawa jina la mtu wa Boga.

Tunaona pia kwamba kurudi kuna nguvu kuliko kufika. Katika eneo letu watumishi wengi wamelazimika kukimbia, na kukimbia si dhambi, Bwana wetu mwenyewe alikimbizwa Misri. Lakini panapokuwa na njia ya kurudi, kanisa linamtazama nani anarudi na anarudi kwa nani.

Kwa wale wanaopokea, tumfikirie Tabaro. Alizuia chakula, na kwa hilo alifukuza walimu wawili wazuri. Wapo waamini wetu ambao leo humfukuza mchungaji kwa njia hiyohiyo, bila kelele: sadaka inapungua, nyumba ya mchungaji inavuja hakuna anayepanda juu, mama mchungaji anapita sokoni hakuna anayemsalimu. Sababu haisemwi kwenye kikao, lakini kila mtu anaijua: si mtu wa kwetu. Ndugu zetu, tuseme kwa upole lakini wazi, kanisa linalomlisha tu mtu wa kabila lake bado halijampokea yule aliyemtuma.

Tena kupokea ni zaidi ya kulisha. Chakula cha msaada kinamponya mgeni asife. Kipande cha shamba, nafasi katika kwaya, kiti katika baraza la wazee, vinamwambia kwamba yeye si mzigo. Kanisa lenye ardhi, hata ndogo, linaweza kufanya kwa familia moja ya wakimbizi jambo ambalo Boga haikumfanyia Apolo siku zile za mwanzo: kumpa jembe kwa mkono wa upendo, asilazimike kulishika peke yake.

Maswali ya kuzungumza pamoja

Tunayapendekeza maswali haya kwa vikundi vya maombi, vyama vya akina mama na mabaraza ya wazee.

1. Katika kanisa letu kuna nani ambaye ni mgeni kwa kabila, kwa lugha au kwa sababu ya vita? Je, ana kazi gani kati yetu, au anapokea tu?

2. Mchungaji wetu akitoka mahali pengine, ni nini katika maneno yetu kinachomkumbusha kila siku kwamba si mwenyeji?

3. Someni pamoja 1 Wakorintho 9:1-18. Lini mtumishi afuate mfano wa Paulo na Apolo, na lini ni wajibu wa kanisa kumtunza?

4. Wambuti na watu wengine wanaodharauliwa karibu nasi, wamekaa wapi katika ibada yetu?

Bwana awatie nguvu ninyi mlio ugenini, awarudishe kwa amani wanaotamani kurudi, na awafungue mikono wote wenye shamba. Tuombee Boga.